Anzisheni kikundi cha wafugaji nyuki kabla ya kuandika katiba

Watu wanaponiuliza namna ya kuanzisha kikundi cha wafugaji nyuki, mara nyingi huwa wameshamchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ila hawajawahi kufungua mzinga hata mmoja pamoja. Huwa nawaambia vyeo visubiri. Kinachowaunganisha kipo tayari, hata kama hawajawahi kusalimiana: nyuki wao wanachanganyikana kila siku.

Nyuki kibarua huenda kilomita 3 au zaidi kutafuta chakula. Malkia mchanga hupandwa angani na madume wengi, kwa kawaida zaidi ya kumi, na sehemu kubwa ya madume hao hutoka mizinga ya watu wengine. Kundi dhaifu lenye ugonjwa likiporwa na nyuki wa jirani, hao huondoka na asali pamoja na vimelea. Kwa hiyo walio ndani ya kilomita tatu nne kutoka kwenye mizinga yako ndio wenzako, mpende msipende. Anza na hao. Watu watano wa karibu watakufaa kuliko hamsini waliotawanyika mkoa mzima.

Kutaneni kwenye manzuki, yaani pale mizinga ilipowekwa, si ukumbini. Ukumbini kila mtu ana kundi zuri na asali nyingi. Mzinga ukishafunguliwa, maneno hupungua. Mwenye mzinga ndiye anayeinua fremu, wengine wanatazama. Mgeni aonyeshwe mayai: yai moja kwenye kila kijumba cha sega, limesimama katikati ya sakafu, maana yake malkia alikuwepo ndani ya siku 3 zilizopita, hata kama hamjamwona. Mkikuta mayai mawili matatu katika kijumba kimoja, mengine yamebandikwa ukutani, shukuni vibarua wanaotaga. Jambo hilo unaweza kulieleza kwa maneno mchana kutwa na mtu asikuelewe. Mpe fremu, mgeuzie jua mgongoni, ataliona mwenyewe. Nyuki wakiwa wakali, fungueni jioni.

Kazi ya kwanza ninayopenda kikundi kipya kifanye ni kupima varoa, utitiri wanaoganda kwenye nyuki na kuwanyonya, wote kwa njia moja na katika wiki moja. Toa fremu yenye majana (watoto wa nyuki wanaokua), hakikisha malkia hayupo juu yake, kisha kung'utia nyuki kwenye beseni na uchote nusu kikombe, ambao ni kama nyuki 300. Watie kwenye chupa yenye kifuniko cha wavu, ongeza vijiko viwili vya sukari ya unga, uwaviringishe taratibu hadi wote wawe weupe, uwaache dakika chache. Halafu geuza chupa na uitikise juu ya sahani nyeupe. Sukari itapita wavuni pamoja na utitiri wenyewe, vidoa vya kahawia iliyokoza, bapa, vikitembea ukinyunyiza maji kidogo kuyeyusha sukari. Gawa idadi kwa 3 upate kiwango kwa kila nyuki 100. Nyuki hurudishwa mzingani wakiwa hai, ingawa wenye hasira kidogo. Njia hii haikamati utitiri wote, lakini mkiifanya sawasawa wote, mnaweza kulinganisha. Thamani yake kwa kikundi iko hapo: mmoja akitibu peke yake huku majirani wamekaa kimya, varoa hurudi wakiwa wamepanda juu ya nyuki wanaopotea njia na wanaopora.

Mkitembeleana, msitembeze magonjwa. Chuma cha kubandulia fremu kikwanguliwe nta na kuchomwa moto kati ya manzuki moja na nyingine, na glovu zioshwe au zibaki kwa mwenyewe. Majana yaliyofunikwa yakibonyea na kutoboka, ingiza njiti kwenye kijumba kimoja na uivute polepole. Ikitoka na uzi wa kahawia unaonata, funga mzinga, mkutano umekwisha, mwiteni ofisa anayehusika. Mbegu za bakteria wa ugonjwa huo wa kuoza majana hukaa zikiwa hai miaka zaidi ya 35 kwenye masega na vyombo.

Kabla ya bomba la moshi kuwashwa, ulizeni nani huvimba vibaya akiumwa. Mwiba ukwanguliwe mara moja, kwani huendelea kusukuma sumu, na harufu yake, inayofanana na ndizi mbivu, huwaita wengine. Mtu akipata vipele mwili mzima, midomo ikivimba au pumzi ikibana, ni hospitali papo hapo. Anayejijua awe na sindano yake ya adrenalini. Pangeni mapema nani mwenye gari.

Sasa pesa. Vikundi nilivyoviona vikivunjika havikuvunjwa na nyuki, vilivunjwa na mashine ya kukamulia asali. Kila mtu anaitaka wiki ileile, na anayeirudisha huirudisha inanata. Wengine huiacha nje nyuki "waisafishe", na hapo wamefundisha mizinga yote ya jirani kupora na wamegawa magonjwa bure. Bora mashine iwe ya mtu mmoja anayeikodisha kwa masharti yake (ioshwe kwa maji ya moto, irudi kavu) kuliko iwe ya wote na isiwe ya yeyote. Mkianza kuchangishana au kuuza asali kwa jina moja, hapo ndipo mwandike katiba na mfungue akaunti, kwa sababu chupa moja iliyovunwa ikiwa na maji zaidi ya asilimia 20 itachacha na jina litakaloharibika ni la wote.

Kabla ya hapo, orodha ya simu inatosha: nani anakamata makundi yanayohama, nani ana mzinga mtupu, na mkulima gani anataka kupulizia dawa ili mumwombe asubiri nyuki warudi jioni. Na mkishazidi kumi na watano, gawanyikeni. Kwenye mzinga mmoja, wanaosimama nyuma huona migongo tu.