Kibalbu kilichomo ndani ya mashine ya kupimia sauti

Juzi nimeletewa amplifaya hapa kibandani Gerezani, Dar es Salaam, mwenyewe ana baa, anasema ukipandisha sauti inapiga freshi kabisa ila akishusha asubuhi wateja wakiwa wachache inakwaruza kama redio ya betri zinazokata roho. Fundi wa kwanza alishabadilisha transista za mwisho zote nne, wapi. Nikapima na mita, volti zote zipo. Sasa mita wadau inakupa namba tu, umbo la wimbi haikuonyeshi.

Nikamwasha mzee wangu HP 200CD, oskileta ya valvu (mashine ya zamani ya kampuni ya Hewlett-Packard, inatoa wimbi safi la kupimia), nikamwacha apate moto kwanza. Nikachomoa spika nikafunga rezista nene ya om 8, nikaingiza wimbi la hetzi 1000 halafu nikaangalia kwenye osiloskopu, ile mashine yenye skrini inayochora umbo la wimbi (klipu ya ethi usiibane hovyo kwenye mashine isiyo na transfoma, utalipua kitu). Wimbi lilitakiwa lipite kwenye sifuri laini, lakini pale pale katikati kuna kijigego, yaani kijikato kidogo, transista inayobeba nusu ya juu ya wimbi inalala kabla ya ile ya nusu ya chini haijaamka. Sauti ikiwa kubwa kijigego kinamezwa na wimbi, ikiwa ndogo ndo unakisikia chote.

Watu wananiuliza kwa nini nisitumie simu kutoa wimbi, unaweza, ila mimi huyu mzee namwamini kwa sababu ya kibalbu. Bill Hewlett, mmoja wa waanzilishi wa HP, ndo alileta huo ujanja kwenye oskileta za aina hii, aliweka balbu ndogo ya kawaida ndani ya saketi, wimbi likizidi nguvu balbu inapata joto, rezistansi yake inapanda, inavuta wimbi lirudi chini, likipungua inapoa linapanda tena, yaani inajirekebisha yenyewe bila kulikata wimbi kichwa. Ndo ikawa HP 200A, mwaka 1939, yeye na mwanzilishi mwenzake Dave Packard wanafanyia kazi kwenye gereji Palo Alto, Marekani, wakaiuza dola 54.40 wakati za wenzao zilikuwa mamia ya dola. Walt Disney wakachukua nane za toleo la 200B kwa ajili ya sauti ya filamu.

Basi, kwenye amplifaya kulikuwa na kile kirezista cha kuzungusha na bisibisi, kinachoziweka transista za mwisho zibaki macho kidogo, kimejaa vumbi na mafuta ya jikoni. Nikakisafisha, nikazungusha taratibu macho kwenye skrini mpaka kijigego kikafutika, nikapima joto la transista, poa.

Mwenye baa akauliza nimebadilisha kifaa gani. Nikamwambia hakuna bosi, nimesafisha na kuzungusha tu. Hapo hapo akaanza kuomba punguzo.