Fahali, shuka nyekundu na malapa mnadani

Pale mnada wa ng'ombe wa Weruweru, Kilimanjaro, biashara ikiisha, watu huhamia kwenye vibanda vya nyama choma kusubiri usafiri. Hapo ndipo kijana mmoja alipotuonyesha video kwenye simu yake: Mmarekani kwenye rodeo, ule mchezo wao wa kupanda wanyama wanaoruka, kakaa mgongoni mwa fahali, mkono mmoja hewani, na fahali anaruka kama aliyepandwa na mashetani. "Huyo wamemfunga kende kwa kamba," akasema dalali mmoja, kwa uhakika wa mtu aliyeifunga kamba yenyewe. Meza nzima ikaitikia. Mimi nilisomea mifugo Tengeru na nimepeleka ng'ombe kwenye maonesho ya Nane Nane pale Themi, Arusha, mara tatu. Siku hiyo nilinyamaza kwa sababu sahani ilikuwa imefika. Leo nimeshiba, nitajibu hilo na mengine yanayosemwa kuhusu ng'ombe.

"Fahali wa rodeo hufungwa kende"

Hapana. Ile kamba inazunguka kiuno cha mnyama, sehemu laini iliyo mbele ya miguu ya nyuma, na haifiki kwenye kende. Kwa farasi, kamba hiyo huwekewa manyoya ya kondoo ili isichubue. Ushahidi ulio rahisi zaidi ni huu: farasi wengi wanaoruka kwenye michezo hiyo ni majike au waliohasiwa. Hao wafungwe nini? Kamba inamkera, naye anarusha miguu ya nyuma kuiondoa. Juu ya hapo kuna damu ya ukoo, kwa maana mafahali hao huzalishwa kwa kuchaguliwa, baba mrukaji na mama mrukaji, kama sisi tunavyotafuta mbegu ya ng'ombe wa maziwa. Mpanda anatakiwa kukaa sekunde 8 tu, na wengi hawazimalizi.

Msinielewe vibaya, siutetei mchezo. Nimeona kwamba watetezi wa rodeo hupenda sana kujibu swali la kende kwa kuwa ni jepesi. Gumu ni la ndama. Upo mchezo ambapo mpanda farasi humkimbiza ndama, humtupia kitanzi shingoni, na ndama aliyekuwa mbioni husimamishwa kwa shingo hiyohiyo, kisha huangushwa na kufungwa miguu mitatu. Hapo hakuna suala la kukerwa na mkanda. Ni shingo na kamba. Jimbo la Rhode Island, Marekani, limeukataza mchezo huo, na Uingereza ilitunga sheria mwaka 1934 iliyofanya rodeo ya namna ile isiwezekane kwao. California haijakataza, ila inadai daktari wa mifugo awepo uwanjani au awe tayari kuitwa. Kwenye tamasha la rodeo la Calgary, Kanada, kwa miaka mingi farasi wamekuwa wakifa katika mbio za mikokoteni. Kwa hiyo dalali wetu alikosea mahali pa kidonda, lakini kidonda kipo.

Hata sisi Waswahili tuna mchezo wetu wa ng'ombe, kule Pemba, unaosemekana kuachwa na Wareno. Ng'ombe hauawi. Anachokozwa akiwa na kamba, anakimbiza watu, watu wanapanda miti, na jioni anarudi nyumbani.

Jambo moja watu wa rodeo wamelijifunza kwa gharama. Mwaka 1989, kule Cheyenne, Marekani, mpanda fahali bingwa aitwaye Lane Frost alishuka salama baada ya sekunde zake, kisha fahali akampiga pembe ya mgongoni akafa. Baada yake ndipo fulana ngumu za kukinga kifua zilipoenea. Nasi tuangalie miguu ya vijana wanaopakia ng'ombe kwenye mafuso yetu: malapa, au katambuga. Ng'ombe wa kilo 300 akikukanyaga kidole ukiwa na malapa, kidole hicho utakihesabu kwa wakati uliopita.

"Usivae nyekundu, fahali atakuua"

Hili tumeambiwa wote tangu shule ya msingi. Nililirudia siku moja mnadani mbele ya mzee wa Kimaasai, tena nikiwa na cheti changu cha mifugo nyumbani. Alinitazama, akajitazama yeye mwenyewe kuanzia begani hadi magotini, nyekundu tupu, akauliza: "Kijana, mimi nimevaa rangi gani?" Nyuma yake walikuwa wamesimama mafahali watatu wanacheua.

Ng'ombe hana chembe za jicho zinazopokea wekundu kama sisi. Ana aina mbili tu za chembe za rangi, na nyekundu kwake ni kitu cha giza kisicho na maana ya pekee. Kinachomchokoza ni kitambaa kinachopepeshwa. Ukimpepea kitambaa cheupe usoni katika uwanja wenye kelele asipoona pa kutokea, utapata fujo ileile. Mtoto anayevuka malisho kwa sweta jekundu, akitembea taratibu, yuko salama kuliko mwenye kijani anayekimbia akipiga mayowe.

"Huyu ni mpole, nimemlea mwenyewe kwa chupa"

Dhana hii ndiyo inayonitia hofu, hasa kwetu huku Machame, Kibosho na Marangu ambako ng'ombe anafungwa bandani na kuletewa majani. Watu wanamwogopa fahali wa Kizebu aliyetoka Simanjiro na pembe zake, kisha wanaingia bandani kwa dume la Friziani wakiwa wamempa mgongo.

Dume aliyelelewa na watu peke yake, bila ng'ombe wenzake, anakua akiamini kwamba watu ndio kundi lake. Utotoni hilo linapendeza, anakusukuma kwa paji la uso na watoto wanacheka. Akifika umri wa kugombea ukubwa, mtu wa kugombea naye ni wewe. Ndiyo maana mafahali wa maziwa waliolelewa peke yao wana sifa mbaya zaidi ya wale wa nyama waliokulia kundini. Dalili huja kabla ya pembe: anakugeuzia ubavu ili uuone urefu wake, anainamisha kichwa, anakwangua ardhi. Hapo usimpigie kelele wala usikimbie. Rudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, macho yako kwake. Na ndama dume ukitaka kumlea, mlee pamoja na wenzake, wala usicheze naye mchezo wa kusukumana. Mwingine wa kuchunga ni mama aliyezaa jana, hata kama juzi ulimkamua huku ukiimba.

"Ng'ombe haendi bila fimbo"

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa ilipo.

Simama pembeni siku ya mnada utazame fuso likipakiwa. Ng'ombe amefika kwenye kipandio, amesimama. Nyuma yake wako vijana wanne: wawili wanapiga, mmoja amempinda mkia, wa nne anatukana. Ng'ombe anarudi nyuma badala ya kwenda mbele, na wote wanakubaliana kuwa ni mkaidi.

Sasa mtazame kwa macho yake. Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote, zaidi ya nyuzi 300, ila pale nyuma kabisa ya mkia haoni. Vijana wanne wamesimama palepale asipoona. Anachokiona ni mbele: ndani ya gari giza, mlangoni kivuli, na juu ya ubao kuna shuka la mtu limetundikwa linapepea. Temple Grandin, profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, alijipatia jina kwa kufanya jambo ambalo wanaume wa machinjioni walimcheka: aliingia mwenyewe kwenye vichochoro vya ng'ombe akatembea walipotembea wao, akitafuta wanaogopa nini. Mara nyingi alikuta ni mnyororo unaoning'inia, dimbwi linalometa, au kofia iliyosahaulika juu ya uzio. Ondoa kofia, ng'ombe anapita.

Kisha kuna suala la bega. Ukisimama ubavuni, nyuma kidogo ya bega, ukamsogelea, anakwenda mbele. Ukivuka bega kuelekea kichwani, anarudi nyuma. Kila mnyama ana umbali wake: ukiuingia anasogea, ukitoka anatulia. Mfugaji wa Kimaasai anayajua haya bila kuyapa majina. Anapiga mluzi, anakaa upande fulani, na ng'ombe mia wanageuka. Fimbo yake hutumika zaidi kuonyesha kuliko kupiga. Fujo huanza ng'ombe wakishauzwa na kukabidhiwa kwa watu wanaolipwa kwa idadi ya vichwa walivyopakia.

Na gharama yake? Kila fimbo inayotua inavilisha damu kwenye nyama, na sehemu iliyovia hukatwa ikatupwa. Ngozi inabaki na makovu na bei yake inashuka. Ila hasara kubwa zaidi haionekani kwa macho pale mnadani. Msuli wa ng'ombe aliyetulia una akiba ya sukari. Baada ya kuchinjwa, sukari hiyo hugeuka kuwa uchachu unaoishusha pH ya nyama (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi) kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5, na uchachu huo ndio unaoipa rangi nzuri na kuichelewesha kuoza. Ng'ombe aliyechapwa, akasafirishwa kutwa bila maji, akapigana na wageni ndani ya gari, anafika ameimaliza sukari yote. Nyama yake inabaki juu ya pH 6: nyeusi, inanata mkononi, na inaharibika upesi. Mwenye bucha anaijua. Anakwambia "huyu alikuwa mzee." Si mzee, aliteseka.

Kipandio nacho kikiwa mwinuko mkali, hata ng'ombe mwenye nia njema ataghairi. Nyuzi 20 hadi 25 zinatosha, na vipande vya mbao vipigiliwe apate pa kukanyaga. Udongo uliochongwa vizuri kando ya barabara unafanya kazi hiyo bila senti moja.

"Ustawi wa wanyama ni mambo ya Wazungu"

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, ni Sura ya 154, nayo inamgusa mwenye ng'ombe, mwenye gari na mwenye mkokoteni wa punda. Kweli, ile orodha ya uhuru tano (kutokuwa na njaa na kiu, kutosumbuliwa na mazingira, kutokuwa na maumivu na maradhi, kutokuwa na hofu, na kuweza kuishi kwa tabia yake ya asili) ilianzia kwenye ripoti ya Waingereza ya 1965. Lakini mchinjaji Mwislamu anafundishwa anoe kisu vizuri na asimtese mnyama karne nyingi kabla ya ripoti hiyo, na Mkristo anayo Mithali 12:10, isemayo kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Kwa hiyo hoja ya Wazungu mimi huisikia zaidi kwa mtu aliyeshika fimbo.

"Ng'ombe wa maonesho anadekezwa, hana shida"

Ndivyo nilivyodhani na mimi, kwa sababu ng'ombe wa maonesho anaogeshwa, anapigwa brashi, anapigwa picha na waziri.

Anza na kiwele. Mtazamaji anapenda kiwele kikubwa, kwa hiyo wapo wanaoacha kukamua ili kijae kabla ya majaji kupita. Ulaya jambo hili limefika mahali ambapo Uswisi hupima viwele vya ng'ombe wa mashindano kwa mashine ya picha, ileile anayopimwa mama mjamzito, kuona kama maji yamejikusanya chini ya ngozi. Kiwele kilichojaa kupita kiasi kinauma, kinavuja, na kinafungua mlango wa ugonjwa wa kiwele. Jaji mzuri anatazama kilivyoshikamana na mwili na chuchu zilivyopangika, na hayo yanaonekana hata kwa ng'ombe aliyekamuliwa asubuhi.

Kisha safari. Ng'ombe ambaye hajatoka bandani tangu azaliwe anapandishwa kirikuu chenye sakafu ya bati, kuelekea Arusha. Kila breki anateleza. Mwaga maranda au mchanga, weka nyasi juu, na mfunge kamba fupi ya kutosha asijinase, ndefu ya kutosha ashike mizani. Maji mpe kabla ya kuondoka na mara akifika. Kibali cha kusafirisha mifugo usikione kama usumbufu wa afisa mifugo, maana pale uwanjani wanakutana ng'ombe wa mikoa mitatu na homa ya miguu na midomo haihitaji mwaliko.

Halafu kuna kupe. Wafugaji wengi wa Kimaasai huchanja ndama wao dhidi ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, kwa kuwa wanajua kupe ni jirani. Sisi wa migombani wengi hatuchanji, maana ng'ombe wetu anakula majani ya kukatiwa, kupe atatoka wapi? Jirani yangu alimpeleka mtamba wake kwenye maonesho, mzuri hasa, mweusi na mweupe kama kanga. Siku nne alifungwa kwenye nyasi. Akarudi na utepe shingoni. Wiki mbili baadaye tezi chini ya sikio zikavimba, akaacha kula, akaanza kuhema kwa shida. Dawa zipo, lakini zinataka kuwahiwa, na jirani yangu alidhani ni uchovu wa safari. Nilipoitwa, povu lilikuwa linatoka puani.

Cheti cha mshindi wa pili kimetundikwa sebuleni kwake, karibu na picha ya harusi.