Ncha ya katheta ikisoma nyuzi 40, usiiamini upesi

Wagonjwa tunaowatibu mapigo ya moyo yaliyovurugika kwa kuunguza sehemu inayoyasababisha huniuliza joto linafika ngapi. Mimi huanza na damu: inapitaje pale ilipo ncha ya katheta, yaani mrija mwembamba tunaouingiza hadi ndani ya moyo?

Tunatumia umeme wa masafa ya redio, kama kilohezi 500, unaotoka nchani hadi kwenye kibandiko kilichobandikwa mgongoni au pajani. Unaopashwa na umeme wenyewe ni unene mdogo tu wa msuli, kama milimita moja au mbili. Zaidi ya hapo joto husambaa lenyewe. Msuli ukipita nyuzi 50 hivi hufa, ukaacha kovu lisilopitisha umeme. Ukikaribia 100, maji yaliyomo huchemka na mvuke huweza kuupasua. Damu nayo huganda nchani, na bonge likichomoka upande wa kushoto wa moyo laweza kuleta kiharusi.

Damu inayopita huchukua joto. Wanafunzi wengi huona hiyo ni hasara tupu, kumbe sivyo. Katheta isiyotoa maji huongozwa na kipimajoto cha nchani: mashine huongeza wati hadi ifikie nyuzi tulizopanga, tuseme 60. Penye mkondo wa kasi ncha huchelewa kupata moto, mashine inasukuma wati nyingi, kovu linazama. Penye damu iliyotulia, kama kwenye vijishimo kati ya nyuzinyuzi za misuli ya ventrikali (chumba cha chini cha moyo), 60 hufikiwa kwa wati chache na kovu hubaki la juujuu. Skrini inaonyesha namba ile ile!

Zikaja katheta zinazomwaga maji ya chumvi nchani, yaani tunajitengenezea mkondo wetu. Hapo kipimajoto hakisemi tena hali ya msuli. Ni uji uliopulizwa: juu umepoa, chini unababua ulimi. Kwa hiyo mimi hutazama zaidi ukinzani wa umeme. Ukishuka kama omu 10 mwanzoni, msuli unapokea joto. Ukiporomoka mno, napunguza wati.

Panaponisumbua kuliko pote ni ule ukanda kati ya vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, na vena ya pafu ya chini kushoto. Nyuma yake hupita sinasi ya koronari, vena kubwa inayokusanya damu ya msuli wa moyo, na damu hiyo huiba joto kabla halijatoboa hadi upande wa nje. Mara nyingi hulazimika kuingia ndani ya vena hiyo na kuunguza kutoka huko, kwa wati chache. Wengine wamejaribu kuiziba kwa puto ili mkondo usimame kwa muda.

Ila jirani yake kuna tawi la ateri ya koronari, inayolisha msuli wa moyo, nalo hulindwa na mkondo uo huo wa damu unaotukera kwingine: huupoza ukuta wake tunapounguza kando. Ateri iliyosinyaa, yenye mkondo hafifu, haina kinga ya kutosha. Nikiwa na shaka, napiga kwanza picha ya ateri kwa dawa ya rangi, nione iko umbali gani na ncha.