Je, wajua kwa nini wimbo wenye mtunzi anayejulikana unaweza kuwa wimbo wa jadi?

Wakutanishe watu wazima watatu waliokulia sehemu mbalimbali, uwaombe waimbe "Ukuti Ukuti", ule mchezo wa watoto wa kushikana mikono na kuzunguka. Wataanza pamoja vizuri tu, ila usishangae wakipishana maneno mbele ya safari, kila mmoja akiapa kwamba wa kwao ndio sahihi. Nani aliutunga? Hilo hakuna anayeliuliza.

Ubishi huo ndio unaobeba maana ya muziki wa jadi, kuliko hata umri wa wimbo.

Jina lenyewe si la kale hivyo. Mwanafalsafa Mjerumani Johann Gottfried Herder ndiye aliyelieneza neno Volkslied, yaani wimbo wa watu, mnamo 1773, kisha akachapisha mkusanyo wake mwaka 1778 na 1779. "Watu" wake lakini hawakuwa wa mitaani. Hao aliwaona hawaimbi, wanapiga kelele tu! Na humo humo akaingiza nyimbo kutoka tamthilia za Shakespeare, mtunzi asiyehitaji kutambulishwa.

Mwingereza Cecil Sharp, aliyezunguka vijijini akiandika nyimbo za wakulima, alitaja mambo matatu mwaka 1907: wimbo unaendelea kurithishwa, unabadilika kila unapopita, na jamii inachagua kipi kibaki. Mwaka 1954 Baraza la Kimataifa la Muziki wa Jadi, wakati huo likiitwa kwa Kiingereza International Folk Music Council ("folk" ni watu), likikutana São Paulo, Brazili, liliyachukua hayo katika fasili yake ya muziki wa jadi. Likaongeza kwamba hata wimbo wa mtunzi mmoja unahesabika, mradi jamii iwe imeupokea kwa mdomo na kuufinyanga upya.

Kwa hiyo wimbo wa redioni unaoimbwa na kila mtu vilevile ulivyorekodiwa bado si wa jadi, hata upendwe vipi. Uache ubadilishwe maneno harusini, uingizwe kwenye mapigo ya ngoma za kwenu, watoto waujue bila kumjua mwimbaji, hapo tutazungumza.

Ndiyo maana "muziki wa asili", tunavyopenda kuuita, hunikwaza kidogo. Asili inauliza wimbo umetoka wapi, na baraza lile lilijali zaidi umepita mikononi mwa nani. Nalo neno "folk" halikulifaa baraza hilo milele: mwaka 1981 lilibadili jina, likaliondoa na kuweka neno lenye maana ya mapokeo.