Je, wajua mwizi anawezaje kutumia kadi yako ya benki wakati unayo mfukoni?

Saa nane na dakika kumi usiku simu yangu iliingia ujumbe. Benki ilikuwa inanijulisha kwamba kadi yangu imelipia dola moja katika duka la mtandaoni ambalo sijawahi hata kulisikia. Niliwasha taa, nikafungua pochi, nikakuta kadi ipo. Dakika nne baadaye ukaja ujumbe wa pili, safari hii dola 180, na kadi nimeishika mkononi naitazama.

Kila niliyemsimulia ameniuliza swali moja: sasa ilitumikaje? Duka la mtandaoni haliioni kadi yako. Linaletewa tarakimu tu: zile 16 za mbele, mwezi na mwaka wa kuisha muda, na zile tatu za nyuma. Anayezijua hizo, mbele ya duka hilo ndiye mwenye kadi. Ile dola moja ya mwanzo ilikuwa ya kupimia. Mwizi anataka kujua kwanza kama kadi iko hai, na anajua watu wengi hawashtuki kwa dola moja.

Zamani taarifa za kadi ziliibwa kupitia ule utepe mweusi ulio nyuma yake. Utepe ule ni ndugu wa utepe wa kaseti. Mhandisi wa kampuni ya kompyuta ya IBM, Forrest Parry, ndiye aliyefanikiwa kuubandika kwenye kadi miaka ya 1960, na kampuni hiyo husimulia kwamba gundi zilimshinda mpaka mkewe, aliyekuwa akipiga pasi, akamwambia ajaribu joto la pasi. Tatizo la utepe ni kwamba kilichorekodiwa humo hakibadiliki. Mwizi akibandika kisomeo chembamba kwenye mdomo wa ATM, na kamera ndogo juu ya vitufe, jioni anaondoka na nakala za utepe pamoja na namba za siri. Kesho anatengeneza kadi nyingine.

Chipu ilikuja kuziba tundu hilo. Fikiria mtu anayepiga hodi mlangoni. Kadi ya utepe hujibu neno lilelile kila siku, kwa hiyo aliyejificha nyuma ya ukuta akilisikia mara moja, kesho atalitamka yeye afunguliwe. Chipu huulizwa swali jipya kila inapopiga hodi, na hulijibu kwa kutumia siri iliyo ndani yake ambayo haitoki nje hata siku moja. Jibu la leo, kesho halina kazi. Wafaransa waliweka chipu kwenye kadi zao zote za benki mpaka kufikia 1992, Uingereza ikakamilisha mpango wa chipu na namba ya siri mwaka 2006, na Marekani ilingoja mpaka Oktoba 2015 ndipo hasara ya kadi bandia ikaanza kuangukia upande, duka au benki, usiotumia chipu. Wezi nao walihama. Kadi ya kughushi ilipokuwa ngumu, wakahamia kule ambako chipu haifiki, yaani mtandaoni.

Lakini mimi kadi ile sikuwahi kuiandika kwenye tovuti yoyote. Hapa ndipo nilipojifunza jambo lililonitisha zaidi: namba ya kadi inaweza kubuniwa. Tarakimu sita hadi nane za mwanzo ni za benki, na kadi za aina moja huzishiriki. Ya mwisho kabisa hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, kwa kanuni aliyoibuni Hans Peter Luhn wa IBM katika miaka ya 1950.

Tuifanye kwa namba fupi, 527. Anzia kulia na uzidishe kwa mbili tarakimu moja, uruke inayofuata. 7 inakuwa 14, na 1 jumlisha 4 ni 5. 2 inabaki 2. 5 inakuwa 10, na 1 jumlisha 0 ni 1. Jumla ni 8, na kanuni inataka jumla igawanyike kwa 10, hivyo inahitajika 2, basi namba kamili ni 5272. Ukikosea ukaandika 6272, jumla inakuwa 12 na mashine inaikataa. Kanuni hii iliwekwa kumsaidia karani anayekosea kuandika, haikuwekwa kumzuia mwizi. Kwake yeye ni msaada, maana za katikati anazibahatisha kwa programu, na kanuni inamwondolea kazi ya kubahatisha tarakimu moja.

Baada ya hapo anabaki na tarehe na zile tatu za nyuma. Kadi ya miaka mitano ina miezi 60 tu ya kujaribu, na tarakimu tatu zina uwezekano 1,000. Duka moja likimzuia baada ya kukosea mara kadhaa, programu yake inahamia duka la pili, la tatu, la mia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walionyesha mwaka 2016 kwamba kwa kutawanya majaribio namna hiyo, taarifa zilizobaki za kadi zinaweza kupatikana kwa sekunde kama sita.

Ndiyo sababu benki nyingi siku hizi hazitosheki na tarakimu za kadi. Unapolipa mtandaoni, namba ya uthibitisho inaingia kwenye simu yako, na kwa duka linalotumia mfumo huo, bila namba hiyo malipo hayapiti. Ni kinga nzuri. Ila sasa ulinzi wote umehamia kwenye laini ya simu, na tapeli anakuja kwako wewe mwenyewe.

"Habari za saa hizi mteja wetu. Tunaona kuna mtu anajaribu kutoa hela kwenye akaunti yako, tunataka kumzuia. Kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako sasa hivi, naomba unitajie haraka." Sauti ina adabu, jina lako anataja yote matatu, nyuma unasikia minong'ono kama ya ofisini. Anayejaribu kutoa hela ni yeye. Hakuna mfanyakazi wa benki anayehitaji namba hiyo, kwa sababu benki ndiyo iliyoituma.

Wengine hawapigi. Wanakwenda kurudisha laini yako kwenye kadi mpya ya simu (SIM) kwa jina lako. Dalili ni simu yako kupoteza mtandao ghafla mahali ambapo wenzako wanapiga kama kawaida. Usikae kusubiri mtandao urudi. Azima simu, piga benki, kisha piga kampuni ya simu. Kenya, mteja wa Safaricom anaweza kupiga *100*100# mapema ili laini yake isirudishwe mpaka afike dukani mwenyewe na kitambulisho. Tanzania na Kenya, *106# inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tafadhali ipige leo. Tangu usajili wa alama za vidole uanze Tanzania mwaka 2019, kuna mawakala wasio waaminifu wanaokwambia "rudia, kidole hakijasoma", kumbe kidole cha pili kinasajili laini nyingine. Laini hiyo ikitumika kutapeli, polisi watalikuta jina lako. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" nao usiufute tu. Kwa Tanzania utume kwenda 15040.

Ndugu zetu walio Marekani wana hatari ya ziada, ya mtu kufungua mkopo kwa jina lao. Mwaka 2017 taarifa za watu wapatao milioni 147 zilivuja kutoka Equifax, kampuni inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Tangu Septemba 2018, kufunga faili lako la mikopo kule Equifax na kwa wenzake wawili, Experian na TransUnion, ni bure, na unalifungua unapotaka kukopa.

Likishakutokea, dakika zina thamani. Usiku ule nilipiga namba iliyo nyuma ya kadi, wala si namba niliyoikuta kwenye ujumbe au kwa kutafuta Google, maana matapeli huweka zao huko. Niliomba kadi ifungwe, nikaandika jina la aliyenipokea, saa na namba ya lalamiko. Asubuhi nilikwenda tawini nikajaza fomu ya kukana muamala, nikapita polisi kuchukua RB, yaani namba ya taarifa niliyoiandikisha kituoni. Benki hudai fedha kutoka benki ya lile duka kupitia Visa au Mastercard, na muda wa kudai mara nyingi ni siku 120, lakini benki yako inaweza kukutaka uripoti mapema zaidi. Ikikuzungusha, hapa kwetu lalamiko linaweza kufika Benki Kuu ya Tanzania.

Kadi nyingi tulizonazo ni za debiti, yaani hukata hela iliyo kwenye akaunti yako, na hilo lina uzito. Kwenye kadi ya mkopo mwizi anatumia hela ya benki na mnabishana kabla hujalipa. Kwenye debiti, hela iliyoondoka ni ya ada ya mtoto, na unabishana huku huna kitu. Mimi dola zangu 181 zilirudi baada ya wiki saba. Tangu hapo kadi ya akaunti ya mshahara nimeizima kwa malipo ya mtandaoni, na nikinunua kitu natumia kadi ya mtandaoni ninayoiwekea kiasi cha siku hiyo tu. Kwa Wakenya, M-Pesa GlobalPay iliyoanza 2022 nayo ni kadi ya mtandaoni, ila huchota moja kwa moja kwenye M-Pesa yako.

Na ile namba ya simu ya nyuma ya kadi nimeiandika kwenye daftari la nyumbani, na mke wangu anajua lilipo. Siku pochi nzima ikiibwa, namba hiyo itakuwa imeondoka na kadi.