Si kweli kwamba kila chipu ya modemu ina 4G yake

Katika makundi ya simu ya hapa Tanga huzunguka kila mara ujumbe unaodai kwamba kila mtengenezaji wa chipu za modemu ana 4G yake, na kwa hiyo modemu iliyouzwa na mtandao mmoja haiwezi kamwe kutumia laini ya mtandao mwingine.

Madai hayo si sahihi. 4G ya LTE, teknolojia ya intaneti ya kasi ya simu, ni kiwango kimoja cha kiufundi kinachofuatwa na wote, na watengenezaji hushindania kasi, bei na matumizi madogo ya umeme. Kinachokwamisha laini nyingine mara nyingi ni kufuli la programu lililowekwa na muuzaji, au bendi, yaani masafa ya redio ambayo modemu inaweza kuyapokea: modemu isiyo na bendi ya 20, yaani ya megahezi 800, haitauona mnara unaorusha 4G katika bendi hiyo pekee, hata ukiwa chini yake.

Weka laini nyingine. Ikidai namba ya kufungulia, hilo ni kufuli. Isipopata mtandao, soma bendi kwenye boksi. Fundi wa Ngamiani atakuhakikishia kabla chai yake haijapoa.

Mkanganyiko huu una asili ya kweli. Mwaka 1997 modemu za simu ya mezani za kilobiti 56 kwa sekunde zilitoka kwa teknolojia mbili zisizoelewana, x2 na K56flex, na aliyenunua moja, huku mtoa huduma wake akitumia nyingine, hakuipata kasi hiyo, hadi kiwango cha pamoja cha V.90 kilipokuja mwaka 1998. Simu za mkononi za CDMA na za GSM, mifumo miwili tofauti, nazo hazikuingiliana.

Ukiletewa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mwulize kwanza aliyeutuma modemu yake ina bendi zipi.