Siku kumi za kumchunga mbwa si siku kumi za kusubiri chanjo

Swali ninaloulizwa mara nyingi na watu walioumwa na mbwa haliihusu chanjo ya kichaa cha mbwa, bali linamhusu mbwa mwenyewe: je, si afadhali tumfunge kwanza, tumchunge kwa siku kumi, na akifa ndipo twende hospitali? Ushauri huu hutolewa kwa nia njema na una chembe ya ukweli, ila umegeuzwa kichwa chini miguu juu. Nikiwa daktari ninayeshughulika na magonjwa ambayo binadamu huyapata kutoka kwa wanyama, naona inafaa nieleze siku hizo kumi zilitoka wapi na kwa nini hazimhusu mgonjwa kwa namna watu wanavyodhani.

Kirusi cha kichaa cha mbwa hakienei mwilini kwa njia ya damu. Huingia na mate ya mnyama kupitia jeraha, hukaa kwa muda katika msuli uliojeruhiwa, kisha huingia kwenye ncha za neva na kupanda polepole hadi uti wa mgongo na hatimaye ubongo. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kumalizika ndani ya wiki moja au kuendelea hadi mwaka, na hufupika zaidi jeraha likiwa usoni, kichwani, shingoni au mikononi, mahali penye neva nyingi au palipo karibu na ubongo. Kirusi kikishafika ubongoni na dalili zikaanza, yaani mgonjwa akaogopa maji kwa sababu koo hukaza kila anapojaribu kumeza, akaweweseka au akapooza, hatuna tiba ya kumponya, na karibu kila mgonjwa wa namna hiyo hufariki. Nafasi yote tuliyo nayo ni ule muda wa safari, na hakuna kipimo kinachoweza kumwambia mtu aliyeumwa leo kwamba safari yake itakuwa ndefu au fupi.

Muda huo ndio uliomwezesha Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa, tarehe 6 Julai 1885, kuanza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace, siku mbili baada ya kuumwa. Chanjo nyingi hutolewa kabla ya mtu kukutana na ugonjwa. Hii huweza kutolewa baadaye na bado ikawahi, mradi isicheleweshwe kwa makusudi.

Kabla ya chanjo lakini kuna maji na sabuni. Kirusi hiki kimefunikwa na utando wa mafuta ambao sabuni huuyeyusha, kwa hiyo kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 ni sehemu ya tiba yenyewe, wala si usafi wa kupitisha muda mkisubiri usafiri. Sabuni ya mche inatosha, na maji ya kumiminwa kwa kata au jagi yanafaa palipo hakuna bomba. Dakika 15 ni nyingi kuliko watu wanavyokadiria, hasa mtoto anapolia, kwa hiyo nashauri mtu mmoja aangalie saa. Baadaye paka iodini ikiwepo. Pilipili, majivu, mafuta ya taa na majani yaliyotafunwa hayaui kirusi, bali huchubua nyama na kulichafua jeraha. Vilevile jeraha lisiharakishwe kushonwa, kwa kuwa sindano ya kushonea inaweza kukisukuma kirusi ndani zaidi. Ikilazimu kushonwa, lishonwe baada ya kuwekewa kingamwili (protini za kinga zinazokizuia kirusi), na mgonjwa aangaliwe pia kama anahitaji chanjo ya pepopunda.

Kituoni tutauliza ngozi imepatwa na nini. Aliyemgusa mnyama tu au kulambwa kwenye ngozi nzima hahitaji chanjo. Aliyekwaruzwa kidogo bila kutoka damu anaihitaji, na hapa ndipo wengi hujidanganya kwamba halikuwa jeraha. Aliyetobolewa ngozi, aliyelambwa kwenye kidonda, jichoni au mdomoni, anahitaji chanjo pamoja na immunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari. Sababu ni kwamba mwili huchukua wiki moja hadi mbili kutengeneza kingamwili zake kutokana na chanjo, na immunoglobulini huziba pengo hilo kwa kuchomwa ndani na kando ya jeraha lenyewe. Haitolewi tena zikishapita siku saba tangu dozi ya kwanza ya chanjo. Katika hospitali nyingi za wilaya dawa hii haipatikani, na isipopatikana, kuosha na kuchanja viendelee bila kusita.

Wapo wanaoogopa zile sindano nyingi za tumboni walizosimuliwa na wazee. Hizo zilikuwa za chanjo ya zamani. Ya sasa huchomwa begani, au kwenye paja kwa mtoto mdogo, kamwe si kwenye makalio. Katika utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 2018, dozi ndogo za mililita 0.1 huchomwa ndani ya ngozi sehemu mbili, siku ya 0 (yaani siku ya dozi ya kwanza), ya 3 na ya 7. Vituo vingine huchoma ndani ya msuli, na ratiba yake hufika wiki ya pili au zaidi. Mimba, kunyonyesha na utoto si vizuizi.

Sasa turudi kwa mbwa. Kirusi huonekana kwenye mate yake siku chache tu kabla hajaugua, na akishaugua hafiki mbali. Kwa hiyo mbwa au paka aliye hai na mzima siku kumi baada ya kuuma hakuwa na kirusi mateni siku ile, na daktari anaweza kusitisha dozi zilizobaki. Uchunguzi huo unaamua kusimamisha, hauamui kuanza. Mtu aliyeanza kwa wakati atakuwa amekwisha pata dozi ya siku ya 7 kabla jibu la mbwa halijapatikana. Tena kanuni hii ni ya mbwa na paka pekee. Haimhusu bweha, fisi wala nguchiro, na katika mikoa ya Lindi na Mtwara, ambako bweha wamechangia sehemu kubwa ya maambukizi, jambo hili si la pembeni. Mbwa akiuawa au akitoweka, mhesabuni kuwa mgonjwa, na mzoga asiuguse mtu kwa mikono mitupu kabla afisa mifugo hajafika, kwa kuwa ubongo wake unaweza kupimwa.

Watoto ningewataja peke yao. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, takriban asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Kimo chao huwaweka uso kwa uso na mbwa, na wengi huficha jeraha kwa kuogopa kugombezwa kwamba walimchokoza. Mzazi akigundua jambo hilo wiki kadhaa baadaye, bado amlete siku hiyohiyo, kwa kuwa maadamu dalili hazijaanza chanjo hutolewa kana kwamba ameumwa leo. Kadi ya chanjo itunzwe baada ya kumaliza, maana aliyekamilisha dozi akiumwa tena huhitaji mbili tu, siku ya 0 na ya 3, bila immunoglobulini.